UZI: Soccer AM, kipindi kilichomtoa shabiki kizimbani kikamkalisha kwenye kochi

Mlinda Kibendera

Salaam wakuu. Kwenye ule uzi wa dabi kijana mmoja aliuliza hizi chaneli za mashabiki wanaohojiwa nje ya uwanja zilianzia wapi. Wengi wakamjibu "Arsenal" na mjadala ukafa. Naomba nirudi nyuma zaidi ya hapo. Kuna kipindi cha TV cha Uingereza ambacho huku kwetu hakitajwi sana, na bila hicho sidhani kama shabiki angepewa maiki kirahisi hivi. Kinaitwa Soccer AM. Kilianza 1994, kikafungwa 2023. Nitashusha kidogo kidogo, niko zamu ya usiku, mnivumilie.

Nilifika Uingereza 2001. Nikapata kazi ya kupakia mizigo ghalani, magharibi mwa London, usiku mpaka asubuhi. Tulikuwa watu sita nyumba moja na TV moja sebuleni. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kijamaika ambaye alilipia Sky, TV ya kulipia iliyorusha kipindi hiki, kabla hajalipia kingine chochote. Jumamosi saa tatu asubuhi nikirudi, namkuta keshakaa, chai ya tangawizi mezani, kelele za watu zinatoka kwenye TV kama vile mechi imeshaanza. Mechi haijaanza. Hakuna hata mpira unaochezwa. Ni watu wamekaa kwenye makochi wanaongea, na nyuma yao kuna kundi la mashabiki wamevaa jezi wanaimba. Nikamuuliza mzee, hawa ni wasanii? Akaniambia, hapana, hao ni watu wa kawaida, wiki hii ni zamu yao.

Hiyo "zamu yao" ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mlinda Kibendera

Tuendelee. Ili mwelewe uzito wake, lazima mjue shabiki wa Uingereza alikuwa anatazamwaje miaka ya 80. Alionekana mhalifu, basi. Mei 1985 uwanja wa Bradford uliungua na watu 56 wakafa. Mwezi huohuo huko Heysel, Brussels, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus, watu 39 walikufa, na klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya. Serikali ya Margaret Thatcher ikataka kila shabiki awe na kitambulisho maalumu ndipo aingie uwanjani, na sheria ikapitishwa 1989. Viwanjani watu waliwekwa nyuma ya nyavu za chuma, kama mifugo.

Aprili 15, 1989, Hillsborough, Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba hivyo mpaka pumzi ikakata. Waliokufa kutokana na siku ile wamefika 97. Na polisi wakawasingizia wao wenyewe marehemu na wenzao, kwamba walikuwa walevi, kwamba wamejiletea. Ilichukua mpaka 2016 baraza la uchunguzi kutamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27!

Ripoti ya Jaji Taylor ya 1990 ndiyo iliyosema nyavu ziondoke, viti viwekwe, na wazo la vitambulisho likaachwa. Kisha 1992 ikaja Ligi Kuu mpya na Sky wakanunua haki za kuonyesha mechi. Sky walikuwa wafanyabiashara, walihitaji watu walipie king'amuzi. Sitawapamba. Lakini mwenye duka akikukaribisha ndani baada ya miaka ya kufukuzwa mlangoni, unaingia.

Beki Tatu

Mkuu uzi mtamu. Swali la haraka, kwa nini waweke kipindi asubuhi wakati mechi ni saa tisa? Si wangeonyesha mechi zenyewe tu?

Mlinda Kibendera

Swali zuri mkuu, na jibu lake ndilo lililokizaa kipindi. Uingereza kuna katazo: Jumamosi kuanzia saa nane na dakika 45 mchana mpaka saa 11 na robo jioni, hairuhusiwi kuonyesha soka mubashara kwenye TV. Lilianza miaka ya 60, aliyelipigania ni Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, akihofia watu watabaki nyumbani na viwanja vya timu ndogo vitakuwa vitupu. Katazo lipo hadi leo.

Kwa hiyo fikiria Jumamosi ya shabiki. Ameamka, mechi yake iko saa tisa, hataiona kwenye TV, ataifuata uwanjani kwa miguu au kwa treni. Asubuhi nzima ni kusubiri, tumbo linamcheza. Soccer AM walijaza saa hizo. Hawakuwa wanauza mechi, walikuwa wanauza lile joto la kabla ya mechi, na joto hilo wenye nalo ni mashabiki.

Kaka wa Old Town

Mombasa hapa. Ndugu yangu, usiisahau redio. BBC walikuwa na 606, watu wanapiga simu wakitoka uwanjani. Ami yangu aliyekuwa Leicester alikuwa akitusimulia.

Mlinda Kibendera

Kweli kabisa ndugu yangu, na ilitangulia. 606 ilianza 1991 na Danny Baker, jina limetokana na muda wake, kwa saa ya Kizungu ni sita na dakika sita jioni. Kwa saa yetu ingebidi iitwe 1206. Hapo ndipo shabiki aliposikika kwa mara ya kwanza nchi nzima bila kuchujwa sana, yuko kwenye gari au kibanda cha simu, sauti imemkauka. Redio ilimpa sauti. Ila hakuwa na uso, na simu ikikatwa habari yake imekwisha. Soccer AM walimpa kiti.

Mlinda Kibendera

Sasa kipindi chenyewe. Mwanzoni kilikuwa cha kawaida tu, watangazaji watatu, Russ Williams, Jane Hoffen na Gary Stevens, beki wa zamani. Kilibadilika alipoingia Helen Chamberlain 1995, na mwaka uliofuata Tim Lovejoy, aliyekuwa mtayarishaji, akakaa naye mbele ya kamera.

Helen nampa aya yake. Mwanamke, anaongoza kipindi cha soka katika nchi ambayo wakati ule wanaume walikuwa wanambishia mwanamke hata akitaja tarehe ya mechi. Na timu yake ni Torquay United. Hii ni timu ya mji wa pwani kusini-magharibi, watu wanakwenda kuogelea. Msimu wake wa kwanza kwenye kipindi, 1995/96, Torquay walimaliza mkiani kabisa, nafasi ya 92 kati ya timu 92 za ligi nne. Walitakiwa kushuka. Kilichowaokoa ni kwamba Stevenage waliotakiwa kupanda uwanja wao haukutimiza masharti. Sasa mtu anayeshabikia timu ya namna hiyo, huwezi kumwambia amekuja kwa ajili ya makombe. Shabiki wa timu ndogo aliyekuwa anatazama kwake alijua huyu dada anajua maumivu. Alikaa pale miaka 22.

Studio ilikuwa Isleworth, kwenye makao ya Sky. Kila wiki klabu moja inaleta mashabiki wake. Leo Grimsby, wiki ijayo Leyton Orient, kisha Newcastle. Wanakaa kwenye jukwaa dogo la ngazi mle ndani ya studio, wanaimba nyimbo zao, wanamzomea mgeni wa timu pinzani, wanataniwa na wao wanatania. Jukwaa hilo liliitwa jukwaa la Luther Blissett.

Na hapa ndipo mzee wangu mwenye nyumba alipokuwa akishusha kikombe. Luther Blissett alizaliwa Falmouth, Jamaika, akaletwa Uingereza mtoto. Ndiye mfungaji bora wa historia wa Watford. Desemba 1982 aliifungia England mabao matatu dhidi ya Luxembourg, mechi ikaisha 9-0, mchezaji mweusi wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja akiwa na jezi ile. 1983 akauzwa Milan, mabao hayakuja, Waitalia wakamcheka, baada ya msimu mmoja akarudi Watford akaendelea kufunga. Vijana wengi walidhani jina lile limewekwa kwa mzaha. Mzee alikuwa ananiambia, "Kila Jumamosi wanalitamka jina la mtoto wa kwetu." Alikuwepo Uingereza enzi wachezaji weusi wanatupiwa ndizi. Kwake lile jukwaa dogo la mbao lilikuwa jambo kubwa, na mimi nimelichukua hivyo hivyo.

Mtoto wa Jangwani

Mkuu hapo kwa Helen na Torquay umenigusa. Hebu tupe vipengele vyao, maana nakumbuka ile ya kupiga mwamba niliiona YouTube zamani.

Mlinda Kibendera

Hiyo ni Crossbar Challenge, ndiyo maarufu kuliko zote. Kamera inakwenda kwenye uwanja wa mazoezi wa klabu yoyote ile. Kikosi kizima kinapanga mstari katikati ya uwanja, kila mchezaji shuti moja, lengo ni kugonga mtambaa panya. Basi! Hakuna zawadi. Unamwona mshambuliaji wa mamilioni anapaisha mpira nje kabisa, halafu anakuja mpishi wa klabu au mtunza vifaa, mzee mwenye kitambi, anaupiga na mwamba unalia ng'oo. Kikosi kizima kinamkimbilia kumrukia. Nimetazama nyingi sana, na zilizonifurahisha ni za timu za daraja la chini, kwa sababu wale wachezaji hawakuwa wamewahi kuonyeshwa kwenye TV hata sekunde tano.

Kulikuwa na Showboat, mkusanyiko wa tobo, kanzu na chenga za wiki, unawekewa muziki. Kulikuwa na Teammates, mchezaji anaulizwa nani bahili kikosini, nani anavaa vibaya, nani hajui chochote nje ya mpira. Kulikuwa na kijana anaitwa Tubes ambaye kila mgeni alimuuliza swali moja tu.

Ila kipengele nilichokipenda mimi ni Third Eye, yaani jicho la tatu. Mtazamaji nyumbani anaitazama mechi, lakini hatazami mpira. Anatazama kona ya picha. Shabiki aliyelala usingizi goli likifungwa. Kocha anayeteleza kwenye nyasi. Mtoto anayeokota mpira akimkatalia beki wa timu pinzani. Anaandika dakika na mechi, anatuma, Jumamosi wanaonyesha. Kumbukeni hapakuwa na simu za kurekodi wala hii mitandao. Kipindi kizima cha TV kilikuwa kinategemea macho ya watu waliokaa kwenye makochi yao. Hapo walikuwa wanatengeneza kipindi pamoja na watu, tofauti na kuwatengenezea.

Sky wenyewe wakajaribu hata zaidi. Miaka ya 2000 walikuwa na FanZone: mechi inaendelea, unabonyeza kitufe chekundu kwenye rimoti, sauti ya mtangazaji inaondoka, unasikia mashabiki wawili, mmoja wa kila timu, wanaitangaza mechi. Bao likiingia mmoja anapiga kelele mpaka spika inakwaruza na mwingine hasemi kitu. Kile kimya cha yule wa pili kilikuwa kinaeleza bao vizuri kuliko mtangazaji yeyote.

Beki Tatu

Dah! Azam wangetuletea hiyo kwenye dabi ya Kariakoo, nchi ingesimama.

Dada wa Msimbazi

Kaka shikamoo, nimeusoma uzi wote. Lakini nina neno. Nimetafuta vipande vya zamani nikakuta kila wiki wanamleta msichana amevaa jezi, wanaume wanampigia miluzi. Hilo nalo ni la mashabiki? Mbona umeliruka?

Mlinda Kibendera

Marahaba dadangu. Umesema kweli, na nilitakiwa kulileta mwenyewe. Kiliitwa Soccerette. Msichana shabiki wa timu fulani anatembezwa mbele ya jukwaa kama maonyesho ya mavazi. Kilidumu miaka mingi na kiliondolewa 2015. Kilikuwa kosa tangu siku ya kwanza. Kipindi kilichosema kila shabiki ana kiti kilimpa mwanaume kiti cha kuimba na kumpa mwanamke nafasi ya kutazamwa, tena Helen akiwa amekaa palepale akithibitisha kwamba mwanamke anaweza kuongea mpira saa tatu mfululizo. Nilikuwa na miaka 24 wakati ule, nilicheka na wenzangu sebuleni. Leo nina binti wa umri huo, ana tiketi ya msimu ya timu ya wanawake, na nisingependa aione ile sehemu.

Ndiyo maana nasema nakipenda kipindi hiki bila kukisafisha.

Mlinda Kibendera

Nimalizie jinsi kilivyofifia. Lovejoy aliondoka 2007. Akaja Andy Goldstein msimu mmoja, kisha Max Rushden 2008 mpaka 2015, mtu mzuri, mkarimu kwa wageni. Baada yake akawa John Fendley, waliyemzoea kama Fenners, ambaye alikuwa humo humo nyuma ya pazia kwa miaka. Helen akaaga 2017, akaingia Jimmy Bullard, kiungo wa zamani wa Wigan na Fulham.

Wapo wanaosema watangazaji ndio walioharibu. Mimi sikubali. Kilichokiondolea nguvu ni simu ya mkononi. Third Eye ya leo haisubiri Jumamosi. Kocha akiteleza, dakika mbili baadaye dunia nzima imeona. Crossbar Challenge inafanywa na kila mtoto mwenye YouTube. Vitu walivyobuni vilitoka nje ya studio vikawa vya kila mtu, na kipindi kikabaki na wasanii na wachezaji wastaafu kwenye makochi. Jukwaa la mashabiki lilizidi kuwa pambo.

Na wakati huohuo, 2012, Robbie Lyle akaanza kusimama nje ya uwanja wa Emirates na maiki baada ya mechi za Arsenal. Hakuomba kiti kwa Sky. ArsenalFanTV, sasa AFTV, ikawa mahali ambapo shabiki anaongea akiwa bado na jasho. Machi 2017 Arsenal walipopigwa na Bayern tano kwa moja nyumbani, jumla 10-2, watu walikuwa wanasubiri video za mashabiki kuliko uchambuzi wa studio. Hata huku kwetu, kwenye vibanda umiza, vijana walikuwa wanaigiza wale watu kwa Kiswahili.

Lakini mnaona tofauti? Soccer AM ni kabla ya mechi, saa tatu asubuhi, kila mtu bado ana matumaini, hata shabiki wa timu ya 92. AFTV ni baada ya mechi. Na baada ya mechi kinachouza ni hasira. 2018 Héctor Bellerín, akiwa bado beki wa Arsenal, alihoji mbele ya wanafunzi wa Oxford vipi mtu ajiite shabiki ilhali mafanikio yake yanalishwa na timu kushindwa. Simlaumu Robbie, amewapa sauti watu ambao TV kubwa zisingewapa, wengi wao weusi wa London kama majirani zangu. Ila kitu kilipotea njiani. Yule mtu wa Grimsby aliyekuja kuimba bila kuwa amekasirika, leo kamera gani inamfuata?

Sky walitangaza Machi 2023 kwamba kipindi kinafungwa. Cha mwisho kilikuwa Jumamosi Mei 27, siku moja kabla ya Ligi Kuu kumalizika. Mzee wangu tulimzika 2011, hakuiona siku hiyo. Niliwasha TV peke yangu nikachemsha ile chai ya tangawizi.

Kaka wa Old Town

Mungu amrehemu mzee wako. Ahsante kwa uzi, ndugu.

Dada wa Msimbazi

Kaka, mimi ni mmoja wa hao wa nje ya uwanja. Nafanya kazi na chaneli moja ya mtandaoni, nashika maiki pale Mkapa watu wakitoka. Tunaambiwa tumtafute anayelia au anayetukana, ndiyo anayeleta watazamaji. Nimechoka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mlinda Kibendera

Dadangu, kazi yako siijui kuliko wewe. Ninachokumbuka ni kwamba wale watu wa jukwaa la Blissett hawakuulizwa matokeo kwanza. Waliulizwa wametoka wapi, wamekuja na nani, wameamka saa ngapi. Jaribu kwenda mapema, kabla geti halijafunguliwa, umuulize mmoja tu hayo.

Dada wa Msimbazi

Nimerudi kaka, nilikwenda. Saa tano asubuhi, jua kali, foleni bado fupi. Nikamkuta mzee amekaa chini ya mti na jezi nyekundu iliyopauka mpaka inaelekea rangi ya waridi, mfuko wa karanga mapajani. Ametoka Kilosa, ameondoka alfajiri, mjukuu ndiye aliyemlipia tiketi. Nikamuuliza mechi gani hataisahau. Akanisimulia 1979, Simba wamefungwa nne bila hapa Dar na Mufulira Wanderers, watu wamekata tamaa, marudiano Lusaka. Yeye alikuwa kijana, walikuwa wengi kwenye redio moja ya jirani, na matokeo yalipotajwa tano bila, Simba, mwenye redio aliizima akidhani imeharibika. Wakamlazimisha aiwashe tena.

Ameongea dakika kumi na moja. Bosi anataka sekunde 40. Nimempelekea yote.